Ukuta wa Nyuma ya Kiti cha Spika

CHAMA CHA WAJENZI WASTAAFU WA JENGO LA BUNGE

Kikao cha Jumamosi, 14 Juni, karakana ya Fundi Mbao

Waliohudhuria: Fundi Zege (Mwenyekiti), Fundi Mbao, Mama Nondo, aliyesuka nondo zote za ukumbi, na aliyekuwa msimamizi wa michoro (Katibu), aliyesukumwa kwenye kiti cha magurudumu na Mama Nondo, mdogo wake wa tumbo moja.
Hakuhudhuria: Mweka Hazina, bila udhuru, kama ilivyo desturi yake.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba paa lile pana, lililokaa juu ya nguzo nyembamba kama lililopumzika tu, halijavuja hata leo. Wajumbe walipiga meza.

KUMB. NA. 2/6: OMBI LA OFISI YA BUNGE
Mwenyekiti alieleza kwamba Ofisi inataka kuupiga lipu na rangi nyeupe ukuta wa zege ulio nyuma ya kiti cha Spika. Itaacha iwapo tu wajenzi watapinga kwa kauli moja.

Fundi Mbao alipinga. Alisema ukuta uliachwa mtupu makusudi, ili alama za mbao zake, zilizolishika zege likiwa bichi, zionekane. Mwenyekiti alimjibu kwamba mbao zilibanduliwa, lililobaki ni zege. Mabishano hayo yalichukua muda wake wa kawaida.

Mama Nondo aliunga mkono lipu. "Nondo zangu ndiyo mifupa ya jengo, na hakuna aliyewahi kuisifu. Nanyi mfunikwe, muonje."

KUMB. NA. 3/6: MENGINEYO
Katibu aliomba kusema, kwa kuwa daktari hamwahidi kikao kijacho. Alikiri kwamba siku ya kumimina ukuta ule mbao zilipungua, akaenda kubeba mlango wa nyumbani kwao, akaziba pengo. Mlango ulivunjika katika kubanduliwa, lakini zege lilikuwa limeshika alama ya kila ufa wake, pamoja na komeo. Msanifu wa jengo aliipenda alama hiyo, akaagiza isiguswe. Waongoza wageni husema ile ni alama ya uhuru. Marehemu mama yao alilala nyuma ya pazia masika mazima, akimlaani mwizi wa mlango.

Mama Nondo alikigeuza kile kiti cha magurudumu, wakatazamana. "Kaka, mtoto wa jirani nimemnunia mpaka kazeeka."

Aliuliza komeo liko wapi. Katibu alijibu: kulia kwa Spika, usawa wa bega.

"Kumbe mama alitangulia wabunge wote kuingia Bungeni. Asiufunike mtu mlango wake."

KUMB. NA. 4/6: AZIMIO
Lipu ilikataliwa kwa kauli moja. Mwenyekiti alishauri habari ya mlango isiandikwe. Mama Nondo aliamuru iandikwe.

Kikao kilivunjwa saa tano na nusu, ili Mama Nondo apelekwe Bungeni kupiga hodi.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: .................... (mlango nimeuandika, sahihi ni yangu)