Nilimuiga Madame Odile, naye akanikuta

Rolande, weka hiyo sufuria chini usome. Leo nimefanya jambo la haya. Haya kabisa!

Unamujua Madame Odile, ule wa nyumba ya wazee kule mutaa wa Forest ninakopiga deki, mimi muzee nasafishia wazee wenzangu. Ule aliyekuwa mwanamuke wa kwanza kusoma habari kwenye chaneli yake kule Ufaransa. Kila siku saa saba mchana anapaka rangi ya mudomo, anaketi na gazeti mbele ya televisheni iliyozimwa, anaisomea.

Bon. Leo nilikuwa jikoni namuiga. Kitambaa cha vyombo kichwani ndiyo nywele zake, mwiko ndiyo mikrofoni. Nikasoma karatasi ya menyu: "Bonjour... mes... dames..." Nasimama katikati ya neno, kama anavyosimama. Wapishi wakacheka mpaka machozi. Halafu wote wakainamia sufuria zao.

Madame Odile alikuwa mulangoni, Rolande. Mulangoni!

Hakukasirika. Afadhali angenitukana. Akasema, "Pétronille, mwaka wangu wa kwanza wanaume wa studio waliniiga hivyo hivyo, na wigi wakavaa. Lakini mimi wakati ule sikuwa nasimama-simama. Hiyo ni macho. Sioni tena herufi."

Macho, Rolande. Macho! Na mimi hapo ndipo nilipowachekesha zaidi.

Nikasema, "Pardon, Madame." Akaniondolea mwiko, akaniwekea gazeti mukononi.

"Inua kidevu. Soma."

Mimi niliyeishia darasa la sita! Nilisimama kila neno, kumupita hata yeye. Hakuna muntu aliyecheka.