Nani Alimbeba Mwenzake

Winnie, acha chochote unachofanya. Baba kanivua nguo ugenini Kasulu. Nimecheka mpaka machozi.

Unaijua ile hadithi yake ya vita vya Kagera? Ya kumbeba rafiki yake Nathaniel aliyeumia mguu, kilomita nzima kwenye tope? Si umeisikia kwetu Kibondo kila Krismasi!

Sasa leo ndiyo tumempata huyo Nathaniel. Zaidi ya miaka arobaini hawajaonana. Wamekumbatiana, wamelia, tukaletewa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka.

Mara mke wa Nathaniel anamwambia Baba, "Shemeji, kumbe ni wewe uliyebebwa mgongoni na mume wangu!"

ULIYEBEBWA, Winnie! Watoto wao nao wamekua na hadithi ileile, ila kwao aliyebebwa ni Baba!

Baba akasimama na fimbo yake. "Mimi ndiye niliyebeba!"

Nathaniel naye, "Theonest, usinivunjie heshima mbele ya wajukuu."

Ugali ukapoa. Nikasema moyoni, basi, undugu umeishia hapa.

Nathaniel hakubishana tena. Akampa Baba mgongo, akachuchumaa, akatoa sauti ya jeshi: "Panda!"

Nakwambia fimbo ilidondoka yenyewe! Kabla hajawaza, Baba alishamkumbatia shingo, shavu kalilaza begani kwake kama mtoto. Nyumba nzima tukaangua kicheko.

Na hakushuka. Nikamsikia akimnong'oneza, "Siku ile mgongo wako ulikuwa mpana zaidi."