Sema Mama

Bombambili,
Songea.
16 Juni 2024

Mpendwa dada Kasiana,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri huko Mwanza, na mgongo wa shemeji Emiliani umepata nafuu. Sisi miili ni mizima. Baridi ya mwaka huu ni kali, masweta hatuvui hadi saa nne asubuhi. Ila moyo wangu ni mgonjwa, dada.

Ni mwanangu Kunegunda. Ametimiza miaka minne, na tangu waseme ana usonji, kila mtaalamu ananihimiza niwahi angali mdogo. Niwahi kwa njia ipi, hapo hawaelewani.

Mwalimu Lidwina, anayekuja nyumbani, alinifundisha kumkalisha mezani. Namwambia, "Sema mama." Akisema, nampa karanga moja papo hapo, asiposema, simpi. Wiki ya tatu akasema! Nililia, nikampigia baba yake, Eusebi, kazini naye asikie. Alitamka "semamama", yote kwa mkupuo, lakini neno hilo nililipokea hivyo hivyo.

Kisha akaja mtaalamu mwingine, Otto. Yeye alitaka niache karanga, nikae chini na mtoto, nifuate mchezo wake. Akizungusha mfuniko wa sufuria, nami nizungushe wangu. Miezi miwili nimezungusha mifuniko mpaka majirani wananicheka. Mtoto amenitazama machoni mara mbili tu. Neno jipya hakuna. Eusebi anataka turudi mezani, maana kule angalau mtoto alitamka kitu.

Jumapili iliyopita, tulipotoka misa, mtoto alinijia mbio uani, mikono mbele, "Semamama! Semamama!" Nikapiga magoti kumpokea, nikiwa bado na kitenge changu cha kanisani. Akanipita. Nyuma yangu, dirishani, kulikuwa na kopo la karanga, akalikumbatia.

Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nimemfundisha mwanangu kwamba hilo ndilo jina la karanga. Nimechoka, dada. Nikimfuata Lidwina naogopa, nikimfuata Otto naona miaka inakwisha. Umefundisha chekechea muda mrefu, niambie ukweli hata kama utaniuma.

Wasalimie shemeji, Leo na Suzana. Mungu awape usingizi mzuri na mwili usiouma.

Ninavyoandika hapa amesimama mlangoni na kopo lake, anaita. Kama ananiita mimi au analiita kopo, sijui. Naenda kumfungulia kopo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Beata