Gari Lisilodai Kitu

Jumanne, baada ya isha

Haidai! Ndivyo dalali alivyomwapia mjomba Shaibu: "Mzee wangu, gari hii haidai kitu, wewe weka dizeli tu." Viti saba, bodi kubwa kama nyumba ya kupangisha, mjomba akanunua. Mimi niligusa boneti nikakuta ya moto. Nikasema wameliwasha kabla hatujafika, tusilione linavyogoma likiwa baridi. Mjomba akanijibu, "Nyamaza, darasa la saba lenyewe ulilitoroka."

Sawa. Leo asubuhi limegoma Msimbazi, limenidai jasho. Tumesukuma weee, mwisho likaitikia kwa moshi mweusi. Muuza mitumba akapaza sauti, "Mjomba, hiyo gari au tanuri la mkaa?" Nimecheka mpaka nikashindwa kusukuma.

Ila Jumamosi ndilo linampeleka dada Zuhura Lindi kuolewa. Bibi harusi na hina zake, asukume gari porini... Naogopa, kusema kweli.

Jioni nimemwambia mjomba. "Gari zima hilo, acha uchuro!"

Basi nikaenda kuchungulia alipoliegesha. Kalipeleka mpaka kwenye mteremko wa Jangwani, pua imetazama chini, asubuhi liwake kwa kuserereka.

Mwenye gari zima hatafuti mteremko.