Karatasi Iliyotoka Moroni

Mutsamudu, 14 Machi 1987

Kwa kaka yangu Elarif, Unguja.

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe, wifi Zainaba na watoto. Mguu wa wifi umepona? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, ila macho yanazidi kumsumbua. Barua hii sikuipeleka posta, kwa sababu yako ya mwisho ilifika bahasha imefunguliwa na kubandikwa upya. Anaibeba rafiki yangu Saoudat, anayepanda ndege uwanja wa Ouani kesho. Ukishaisoma, ichome.

Nilikwambia tu kwamba kwa kadhi nimeshinda. Leo nakueleza yote. Nilipokamatwa kwa kupiga chapa karatasi za kuwapinga mamluki wa kizungu wanaoilinda serikali, nikapelekwa gereza la Moroni, Naïma wangu alikuwa na miaka mitatu. Mwezi wa tano wa kifungo mume wangu Mouridi aliniletea talaka kwa barua, akampeleka mtoto kwa mama mkwe. Nilipotoka baada ya miaka miwili, binti yangu alijificha nyuma ya bibi yake, akauliza huyu ni nani.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kushuku. Nani alinichongea? Siku askari walipokuja, Mouridi hakuwapo nyumbani, wala hakuwahi kunieleza alikuwa wapi. Jirani yetu Inzoudine akiniona anafunga dirisha. Hata muuza mkate akiniuliza nimeamkaje, najiuliza jibu langu atampelekea nani.

Nilikwenda kwa kadhi kumdai Naïma, kwa kuwa hajatimiza miaka saba, na kabla ya hapo mtoto hukaa na mama. Mouridi akaja na karatasi ya Kifaransa, isemayo kwamba mimi, mfungwa, nimemwachia mtoto kwa hiari yangu. Chini kulikuwa na saini. Kadhi akaniuliza kama ni mkono wangu. Nikasema siyo. Akamuuliza Mouridi aliipata wapi, naye akajibu aliletewa na askari kutoka Moroni. Kadhi akamtaka aape kwamba saini ni yangu. Mouridi akainamisha kichwa, akasema hawezi kuapia jambo asiloliona.

Hapo kila mtu akaamini Mouridi ameighushi. Nikapewa mtoto siku ileile. Bandarini, alikokuwa karani, wakamsimamisha kazi, na watu wakaacha kuitikia salamu yake. Nawe ukaniandikia maneno yale makali juu yake, nami nikayasoma nikafurahi.

Kaka, saini ile ni yangu. Afisa mmoja wa kizungu aliniwekea karatasi mbele, akasema nikitia saini nitatolewa kwenye chumba kisicho na dirisha. Nilikuwa nimekaa humo siku kumi na tisa. Sikumwambia anisubiri nifikiri.

Jumatano nilimwendea Mouridi nikamwambia. Akasema: "Nilidhani askari ndio walioighushi. Nilijua wewe humwachi mtoto." Nikamuuliza siku ile ya askari alikuwa wapi. Akasema alisikia gari lao, akaruka ukuta wa nyuma akatuacha mimi na mtoto, na mpaka leo anaona haya kulisema. Nikamwamini. Sijui kama nimefanya vyema, lakini nimechoka kushuku.

Jana nilirudi kwa kadhi nikakiri. Alikasirika, akaniamuru Jumatatu niyarudie maneno hayo mbele ya wote waliokuwapo, na wa bandarini waitwe. Kisha akaniambia jambo lililoniumiza kuliko hasira zake: karatasi aliyoitia saini mfungwa gerezani haina uzito, na mtoto angerudi kwangu hata kama ningesema kweli. Nimemwangusha mtu bure.

Naïma ataendelea kukaa kwangu, na kila Ijumaa atakwenda kwa baba yake. Wewe nakuomba umwandikie Mouridi kwa mkono wako, umwombe radhi. Akikujibu vibaya, vumilia.

Wape salamu wote wanaoniulizia, na Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mdogo wako mwenye haya,
Charifa