Uzi Mwekundu kwenye Mchicha

Jumatatu, 5 Mei

Birika, mvuke, uzi. Asubuhi nzima nimeinamia mchicha. Chumba cha mimea chuoni bado kibovu, msimamizi akasema nihamishie vyungu nyumbani. Basi hapa Overport, mtaa wa ugenini nilikopanga, kibaraza cha wapangaji wote ndiyo maabara yangu. Shingo ya jani ikipigwa mvuke, maji yanaendelea kupanda ila sukari haitoki tena, inajaa humohumo. Kisha uzi mwekundu, nijue lipi nimelichoma. Bismillahi kwa kila jani, mazoea ya bibi.

Mama Grâce, Mkongo wa chumba cha pili, kaja kuomba sukari ya chai. Kesho zamu yangu kumwomba. Mgongo umekufa.

Alhamisi, 8 Mei

Majani makongwe yenye uzi yameanza kugeuka njano. Machanga yamejaa sukari vilevile, na bado kijani. Ndicho nilichokuwa nakitafuta: sukari peke yake haizimi jeni za ukijani, inangoja umri uiruhusu. Ila macho si ushahidi. Ijumaa ya wiki ijayo nikate yote kwa mpigo, niyagandishe, nipime jeni zenyewe. Bila hayo sina tasnifu, na kibali cha kukaa kinaisha Julai.

Mama Grâce hakuitikia salamu. Mwanawe, Grâce, anakohoa.

Jumapili, 11 Mei

Grâce kazidiwa. Kifua kinapiga filimbi. Nilipeleka tangawizi, mama yake akaipokea kwa vidole viwili. Nimeikuta kwenye sinki.

Baadaye alinifuata kibarazani. "Dada, ile uzi iko ya kazi gani?"

Nikamweleza kwa moyo wote, Kiswahili kitupu: nafungia utamu ndani ya jani, nione kama litazeeka kabla ya siku zake. Akautazama mchicha, akanitazama mimi. Akaondoka kinyumenyume.

Mjinga mimi.

Jumanne, 13 Mei

Désiré, Mrundi wa chumba cha mbele, yule wa kiwandani Mobeni, ndiye pekee anayesema nami. Kaniambia yanayosemwa jikoni. Nanong'ona, nachemsha, nafunga vyekundu, na mtoto wa watu haoni nafuu. Tena natoka Tanga. Kwa Watanzania wa humu hilo pekee linatosha niwe mchawi.

Nimecheka. Kisha nimejifungia nikalia kwa hasira.

Ningeweza kukata leo. Lakini makongwe hayajafika mwisho, nitapata nusu ya jibu. Mvumilivu hula mbivu. Nangoja Ijumaa.

Alhamisi, 15 Mei

Grâce amelazwa. Alasiri watu wa kanisa lao walijaa kibarazani, wanaimba, wanakemea. Mimi chumbani nimeshika kitasa. Ningetoka niseme nini? Kwamba namzeesha jani tu, si mtoto?

Moshi ukaingia chini ya mlango. Harufu ya mafuta ya taa. Sikutoka. Niliogopa.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya kukata. Vyungu vimepasuka, majivu yamelowa. Nyuzi nyingine hazikuungua. Nimepekua kwa mikono hata nipate jani moja. Hakuna.

Msimamizi kwenye simu akauliza kama nina picha. Jeni hazipimwi kwenye picha. Mbegu mpya hazitawahi Julai, anajua, najua.

Namchukia Mama Grâce. Naandika hapa nisije nikamwambia, naye yuko hospitali na mwanawe.

Jumapili, 25 Mei

Grâce karudi. Hospitali wamempa pampu ya kuvuta dawa ya pumu, nimeiona mkononi mwake. Mama yake anasema ni moto ule uliomponya. Wote wanasema hivyo. Désiré naye kainamisha kichwa aliponipita.

Mtoto alikuja mlangoni kwangu kudai biskuti kama zamani, anacheka, kifua hakipigi filimbi tena. Mama yake akamvuta mkono. Nimefurahi amepona. Nimefurahi kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mlangoni wamenipaka msalaba wa mafuta. Nimeufuta, doa limebaki.

Nimebandika birika la chai. Waliokuwa jikoni wakatoka mmoja mmoja, wameacha sufuria zao motoni. Kopo langu la sukari ni tupu. Nimesimama nalo kidogo, nikitazama mlango wa chumba cha pili. Nimekunywa hivyohivyo.