Mwenyewe wa Pikapu Nyeupe

Jumatatu, 10 Machi 2025

Wamebandika karatasi kwa kioo cha mbele. Kwa gundi, si kwa selotepu. Itabaki alama. Notisi ya kaunti: pikapu ni kero, imetelekezwa kando ya barabara, ina panya na maji ya mbu. Siku kumi na nne iondolewe, ama gari la breakdown lije liivute hadi yadi. Mwenye pingamizi alete ofisini.

Imetelekezwa! Mimi naipangusa kila Jumamosi. Mtaa mzima wa Makongeni unanijua na kitambaa changu.

Aliyeshtaki ni Waruguru, jirani wa mlango wa pili. Sikumuuliza, alijitaja mwenyewe akinunua sukuma wiki kwangu. Ati si vita, Mama Kaluki. Ati ni watoto wake, wamekataa kupita hapo. Wanasema kuna mzee anakaa kwa usukani. Nikamfungia sukuma yake nikamrudishia chenji. Nilimpa chenji mara mbili, na hakuniambia.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika pingamizi, kurasa mbili. Sababu yenyewe sikuandika. Hiyo haiandikiwi kaunti.

Kaleli, mume wangu, alitoka hapa Oktoba 2018, saa nne asubuhi, kwenda Ruiru kutafuta pampu ya mafuta ya hii pikapu. Alisema nisifunge boneti, anarudi sasa hivi. Basi. Hakuna maiti, hakuna simu, hakuna barua. Polisi walichoka, ndugu zake wakachoka. Tangu hapo landilodi amepaka nyumba rangi nyingine. Geti ni jipya. Barabara ina lami. Kile kibanda cha kona sasa ni ghorofa. Bila pikapu atapita tu, hatajua ni hapa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefyeka nyasi. Nimemwaga maji ya kwa tairi. Panya watatu kwa mtego, mmoja mkubwa ajabu.

Nilipofungua mlango nifagie ndani — kiti cha dereva kimesukumwa nyuma. Nikifagia huwa nakivuta mbele, mimi ni mfupi. Kaleli ndiye alikuwa na miguu mirefu. Labda springi imelegea. Nimekivuta mbele, kikashika vizuri. Nikasimama hapo kama mjinga, nikingoja kirudi nyuma chenyewe. Hakikurudi.

Jumatatu, 17 Machi

Afisa wa kaunti amekuja kukagua. Anaitwa Wamboi, msichana mpole, viatu safi. Alizunguka pikapu akiandika. Nyasi sawa. Maji sawa. Panya sawa. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa moyo.

Akasema kero imeisha, mama, lakini gari bado haliendi na liko kwa barabara. Pingamizi ya kuvutwa lazima iletwe na mwenyewe, yule gari liko kwa jina lake.

Nikamwambia mwenyewe hayuko.

"Hayuko nyumbani, ama hayuko kabisa?"

Niliangalia viatu vyake mpaka akaona haya. Akanieleza. Akiwa hai, aje na kitambulisho. Akiwa marehemu, mimi nilete kiapo cha wakili, nisimame mahali pake, na gari lipewe muda. Nilitafuta kwa fomu yake mahali pa mtu aliyeenda kununua pampu. Hakuna.

Jumanne, 18 Machi

Kaluki amepiga simu kutoka Murera. "Mwaitu, mama, andika marehemu. Ni neno tu. Si sisi wote tunajua?" Sisi wote, nani? Nikamkatia simu. Mtoto nimemzaa mwenyewe, ananifundisha kumzika babake kwa mdomo.

Nikinyamaza, wanaivuta. Nikiongea, nitakuwa nimemuua ndio nimtunzie gari lake. Nimechoka mimi.

Saa nane mchana nimesikia mlango wa pikapu ukifungwa. Naujua. Lazima upigwe mara mbili ndio ushike. Nimetoka mbio na unga mikononi. Hakuna mtu. Watu wanapita na shughuli zao.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeapa.

Wakili Wamalwa, Thika mjini, ngazi za juu ya duka la viatu. Alidhani nitalia, akanisogezea tishu. Tarehe ya kifo? Sikuwa nimefikiria tarehe! Nikataja ile siku alitoka. Ugonjwa? Ajali. Alizikwa wapi? Kangundo, kando ya babake. Maneno yalikuja yenyewe, moja likivuta lingine, mpaka nikaliona kaburi. Nikaongeza kwamba siku hiyo kulinyesha. Wamalwa akasema hiyo haihitajiki.

Nimerudi nyumbani. Nimemwomba Kaleli msamaha kwa sauti, peke yangu hapa jikoni, na nikajisikia nikimwita marehemu.

Ijumaa, 21 Machi

Wacha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Nilipeleka kiapo. Wamboi alikisoma, akasema pole sana mama, akaingiza namba ya gari kwa kompyuta. Kisha vidole vikasimama. Akasoma kiapo tena. Akasoma kompyuta tena.

"Mama. Huyu marehemu alijibu Jumanne."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, watu wa foleni wakageuka.

Akanieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Notisi hutumwa pia kwa simu ya mwenye gari, ile iko kwa rekodi. Mwenyewe akajibu. Jumatano akaja na kitambulisho. Anaishi Ruiru. Hapingi. Amesema lichukuliwe, hana kazi nalo.

Ruiru. Ni hapa tu!

Nikauliza kama ni mrefu. Akasema siku hiyo hakuwa zamu. Nikaomba namba ya simu. Akasema hawezi kutoa namba ya mtu. Kiapo hakukigonga muhuri. Alikikunja vizuri, akanirudishia, akaniambia kwa sauti ya chini nisikionyeshe mtu mwingine.

Ni mwizi. Watu wanaotumia vitambulisho vya wengine wamejaa. Nimejiambia hivyo njia yote. Lakini mwizi angetaka gari. Mwizi hawezi kusema lichukuliwe.

Jumatatu, 24 Machi

Saa tano asubuhi. Naandika nikiwa ndani ya pikapu, upande wa abiria. Breakdown imesimama mbele, dereva wake anakunywa soda. Nilimwambia hataivuta nikiwa ndani. Akasema hana neno mama, hata hivyo wanamngoja mwenyewe aje atie sahihi. Amepigiwa. Yuko njiani, amepita Juja.

Kaluki hajafika. Waruguru amenipitishia chai kwa dirisha. Nimeinywa.

Nimeomba awe mwizi. Nikaona aibu, nikaomba asiwe. Sasa nimeacha kuomba.

Wamboi amekuja na fomu. Anasema na mimi lazima niandikwe, kwa sababu ndimi niliyeleta pingamizi. Jina. Nimempa. Simu. Nimempa. Amefika kwa mstari wa uhusiano na mwenyewe. Ameshika kalamu, ananingoja niseme.